Lifti Mbele ya Kamati

Hospitali nzima, kuanzia daktari bingwa hadi mama wa jikoni, ilimwita Lifti. Lifti yenyewe, ile ya chuma, ilikufa yeye akiwa na mwaka mmoja tu kazini, na chumba cha upasuaji kilikuwa ghorofa ya tatu. Kwa miaka tisa yeye na mwenzake, bwana mmoja mrefu aliyebandikwa jina la Twiga, waliwapandisha wagonjwa kwa machela, ngazi sitini na sita. Twiga alitangulia, Lifti akawa nyuma, kule ambako uzito wote humwelemea mtu.

"Lifti, umeme upo leo?" manesi walimtania.

"Upo, dada, ila unakatikakatika magotini."

Utani hakuwa na uchoyo nao. Lakini kulikuwa na siku moja ambayo hakuigusa hata kwa utani. Mwaka wa tano wa kubeba, pale ngazi zinapopinda kuingia ghorofa ya tatu, mkanda wa machela ulikatika, na mzee aliyevunjika nyonga akateleza. Lifti alimdaka kwa kifua, ila kichwa kilikuwa kimeshagonga ukingo wa ngazi. Mzee alifariki kesho yake. Kwenye faili wakaandika presha. Lifti hakumwambia mtu, hata mkewe.

Ndipo kamati ya bunge ikaja. Ilitaka kujua ilikuwaje lifti ikatengenezwa mara tatu kwenye karatasi na isipande hata mara moja. Wabunge saba walikaa kwenye ukumbi wa chini, mkurugenzi wa hospitali akawaeleza nusu saa nzima habari za changamoto. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea, akafunga faili.

"Sasa hao wagonjwa wanabebwa na nani?"

Lifti aliitwa vile vile alivyokuwa, na koti lake la kazi lililochanika kwapani. Mlangoni mkurugenzi alimnong'oneza, "Jibu unachoulizwa, basi. Hadithi tuachie sisi."

"Karibu, baba," mwenyekiti alisema. "Kuna mgonjwa aliyewahi kuanguka?"

Aliangalia viatu vya mkurugenzi, vimeng'aa kama kioo, kisha akapiga moyo konde na kusema yote: mkanda, ngazi, kifua chake, ukingo. Alipofika kwenye kichwa cha mzee akaomba maji, akanywa, akaendelea. Mbunge mmoja aliyekuwa akisinzia alikaa wima. Mwenyekiti alivua miwani.

"Pole sana, baba. Na asante. Hili halitaishia hapa."

Alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetua gunia. Akamsimulia mkewe.

"Miaka yote hiyo ulinificha mimi?" mkewe aliuliza. Hakugombana naye, alivuta kiti akakaa karibu naye.

Miezi miwili baadaye ripoti ikatoka. Kuhusu lifti, kamati iliitaka wizara iiweke kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Lakini pendekezo jingine halikuhitaji bajeti: kubeba wagonjwa ngazini kukomeshwe mara moja, kwa kuwa ni hatari kwa maisha yao. Hilo mkurugenzi alilitekeleza siku iyo hiyo. Alibandika tangazo, akamweka mlinzi chini ya ngazi. Asiyeweza kupanda kwa miguu yake angepelekwa mji wa jirani, mwendo wa saa mbili kwa gari.

Jumanne moja asubuhi aliletwa mama mjamzito, mtoto amelala mkingamo tumboni. Mkunga alimpima, akatoka mbio.

"Huyu anatakiwa juu sasa hivi! Daktari yupo, chumba kiko tayari."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mtu mwingine. Lifti akashika machela upande wake.

"Kaka, shika."

Twiga hakuinama. "Yule mhudumu wa wodi ya wanaume alimbeba mtu mgongoni wiki iliyopita, leo yuko nyumbani hana kazi. Nina watoto watatu, Lifti."

"Nakuomba."

"Usiniombe."

Mlinzi naye alisimama katikati ya ngazi, macho chini. "Mzee wangu, usiniponze."

Mkunga alimfuata mkurugenzi, akarudi na jibu: bunge limekataza, yeye ni nani alipinge bunge. Yule mama, aliyekuwa akiyasikia yote hayo, aliomba ashushwe ajaribu mwenyewe. Lifti alimshika mkono mmoja, dada wa yule mama, aliyekuwa amemsindikiza, akamshika mwingine. Alipanda ngazi nne. Ya tano akaketi, akaegemea ukuta, akasema hawezi.

Gari lilirudi saa sita imepita, likampeleka mji wa jirani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Wiki iliyofuata yule dada alikuja kuchukua nguo zilizosahaulika mapokezi. Alimkuta Lifti kwenye benchi.

"Ni kweli wewe ndiye uliyewaambia wabunge wazuie?"

"Niliwaambia kuna mtu alianguka, dada yangu."

"Ungenyamaza tu," alisema, tena kwa upole, akaondoka na mfuko wake.

Usiku ule Lifti hakula. Mkewe, mwenye mwandiko mzuri, alimwandikia barua kwenda kwa kamati: turuhusiwe kubeba, angalau wajawazito. Jibu la karani lilikuja likiwa fupi na la heshima. Kamati ilikwisha kufunga suala hilo. Sasa lilikuwa mikononi mwa wizara. Wizara haikujibu.

Aliomba kuhamishiwa chumba cha kufulia, akakubaliwa bila maswali. Huko anapokea mashuka, anayaloweka, anayaanika nyuma ya jengo. Twiga hupita mara mojamoja kumsalimia, nao huzungumza habari za watoto wa Twiga na bei ya sabuni. Mafundi wa lifti walikuja siku moja na kamba zao, wakapima, wakaandika, wakaondoka.