Maharusi wawili, folda moja

Nna hasira!

Studio yetu ya mtaa wa Mlandege hupiga picha za harusi upande wa wanawake. Programu ya kuhifadhi picha nimeiandika mimi, kwa lugha ya Java: inafungua folda kwa jina la bi harusi, na ikikuta ishakuwepo, inatia picha humo humo.

Leo kaingia mama mmoja na CD tuliyomtengenezea mkononi.
"Wanangu wa kiume wameiangalia! Humu mna harusi ya watu wengine, wanawake vichwa wazi!"

Nikamfokea Bi Zuwena, mpiga picha wetu, mtu mzima sawa na mama yangu: "Umechanganya!"

Nikafungua folda. Maharusi wote wawili wanaitwa Fatma Ali.

Bi Zuwena akaniuliza: "Mwanangu, mji huu una akina Fatma Ali wangapi?"

Nitukaneni, jamani.
Mimi mwenyewe naitwa Fatma Ali.