Waliomwongeza Hawakumwambia

Una magrupu mangapi katika simu yako, na katika hayo yote ni nani atakayekuja kukuosha siku utakapokufa? Jibu kwanza, kisha usome.

Ninauliza kwa sababu ya jirani yangu, Mama Brigitte, Mkongomani anayeuza chisense, dagaa wa ziwa letu, hapa Kashikishi, upande wa Zambia. Kila asubuhi huwatandaza mchangani, huwageuza, huwafukuzia kunguru. Ana maneno mengi na kicheko kikubwa, na kwa miaka mingi simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kisha wateja wakamtaka awe kwenye Watsapu. Kwaya ikamtaka awe kwenye Fesibuku. Chouchou, binti wa ndugu yake, anayekaa Lubumbashi, akamwekea mtandao wa video fupi, kisha wa kuongea bure, kisha mwingine. Likaja grupu la mama wa parokia, la wauza dagaa, la ukoo, na la ukoo bila wazee.

Simu ikalia kuliko mtoto mchanga. Asipojibu "amina" kwa maombi yaliyosambazwa, anaambiwa amepoa kiroho. Asipompongeza mtu asiyemjua kwa siku yake ya kuzaliwa, ana maringo. Siku moja alikuwa amesimama akijibu, na nyuma yake mvua ikawapiga dagaa wote. Hapo akakata shauri. Akaniita mimi, niliyesoma chuo Mansa na ambaye yeye huniita prof, nizime kelele za mitandao yote isipokuwa Watsapu, nayo ataifungua baada ya kazi. "Mwenye kunitaka kweli," alisema, "atapiga ao atakuya."

Nilimwona ana busara. Hata leo namwona hivyo. Waliokosa busara ni wengine.

Alhamisi mteja wake, Febby, alikuja ameshika simu, akamwuliza kama huyu si kaka yake. Ilikuwa picha ya Kabamba, kaka mkubwa wa Mama Brigitte, ambaye yeye humwita yaya, wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alizungushiwa mishumaa na njiwa wanaoruka, na muziki juu yake. Chouchou ndiye aliyeiweka. Chini yake watu wa Johannesburg na Brussels walikuwa wamepanga vijiuso vya manjano vinavyolia.

Mama Brigitte alikimbia hadi kwangu akanipa simu yake. "Prof, tafuta. Hawawezi kumuzika yaya bila miye. Tafuta mahali waliandika siku ya kuzika."

Mashua moja ya Kilwa ilikuwa bado inapakia. Kama mazishi yalikuwa mbele, angefika.

Nilitafuta. Watsapu haikuwa na kitu ila matangazo ya vitenge. Nikafungua mtandao mmoja baada ya mwingine, na katika ule niliouzima bila hata kujua ni wa nini, nikakuta. Jumatatu ukoo ulikuwa umefungua grupu jipya, eti la zamani lina kelele. Tantine Brigitte, yaani shangazi Brigitte, ameongezwa. Jumanne Kabamba amefariki, na siku hiyohiyo swali: tantine, tukungojee ao tuzike? Mmoja akaandika kwamba tantine ana simu kubwa, anaona. Mwingine, kwamba Zambia imemunenepesha, hatatoka. Mwisho kabisa: "Amenyamaza. Kunyamaza ni jibu." Jumatano wakamzika.

Nilimsomea yote. Tangu lini kuongezwa katika grupu ni kuambiwa? Mashua zinavuka ziwa hili kila siku, zimejaa samaki, sabuni na mafuta, na ukoo mzima ulikosa mtu mmoja wa kupanda! Babu zao walipiga kasia kuleta habari ya kifo. Aliyeileta hakusalimu mtu mpaka ameketi, akaeleza ugonjwa ulianzaje, dawa gani zilijaribiwa, nani alishika kichwa cha mgonjwa, neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Kila mfiwa anayefika huanziwa upya, hata kama wengine wamekwisha kusikia mara kumi. Msiba kwetu ni masimulizi hayo. Sasa wanatuma mshumaa. Katika maneno yote niliyoyasoma, sikumwona hata mmoja aliyeandika Kabamba aliumwa nini.

Mama Brigitte aliniagiza nimpigie Félix, mtoto wa marehemu. Félix alisema ameshaweka odio ndefu kwenye grupu, tantine aisikilize tu. Nilipomwuliza kwa nini hakuna aliyepiga simu, alisema kila mtu alidhani mwingine ameshapiga. Mama Brigitte alisikia. Akainamia simu.

"Félix. Usitume kitu. Kuya mwenyewe."

Kesho yake asubuhi nilikuwa ufukweni mashua ya kwanza ya Kilwa ilipogusa mchanga. Félix alishuka ameinua simu, anachukua video. Alisema wa Lubumbashi wanataka kuona tantine akilia. Wabeba mizigo walicheka, na mmoja akamwuliza kwa Kibemba kama ameleta msiba au sinema. Mama Brigitte alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, kitenge kimefungwa kiunoni. Hakuinuka. Alipiga mchanga kando yake kwa kiganja.

"Weka ku mufuko. Ikala hapa. Anza pale alianza kuumwa."

Félix akaketi. Alisema baba aliumwa, kisha akasita, na mkono ukaenda mfukoni, maana tarehe zilikuwa kwenye simu. Shangazi yake akaushika mkono huo, akauweka juu ya goti lake mwenyewe. Félix akatazama vidole vyake.

"Siku ya Mungu, siku ya misa, alikatala kula bukari," alisema. "Alisema mudomo ni muchungu. Nikamuletea mayi, akakunywa kidogo. Akaniuliza, Brigitte atakuya lini?"

Hapo Mama Brigitte akaanza kulia.