Siku Paka Alipoila Vesta

Jamani, kuna aibu ambayo ukiikumbuka unafunika uso hata kama uko peke yako jikoni, na yangu mimi ina masharubu na mkia.

Nilikuwa kidato cha tatu, miaka ya tisini mwishoni, nikachaguliwa kuwakilisha shule kwenye mashindano ya sayansi hapa Kisumu, na mshindi angepelekwa Nairobi (mimi ambaye sikuwa nimewahi kuvuka mji wa Awasi, hapo jirani tu!). Mada yangu ilikuwa Vesta, jiwe kubwa ajabu linalozunguka jua kati ya Mars na Jupita pamoja na mawe mengine mengi. Nililifinyanga kwa udongo, udongo ukapasuka, basi nikasema, si kuna ugali? Mama akanipa unga wote wa jioni, tukalala na chai, na hakunung'unika hata kidogo. Nikausonga ugali mgumu, nikauviringisha, nikaukausha, nikaupaka masizi, halafu asubuhi, kwa haraka zangu, nikaubeba ndani ya kikapu ambacho Mama hupelekea omena, vile visamaki vya ziwani vyenye harufu kali, sokoni Otonglo. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Ukumbi umejaa, majaji wako mbele, mimi naeleza kwa sauti ya mtu mkubwa, mara watu wanaanza kucheka, nami nikadhani nimewafurahisha (eti nikaongeza na tabasamu!), kugeuka hivi, paka wa jikoni pale amepanda mezani anatafuna Vesta kutoka chini. Nikamvuta, akang'ang'ania, meza ikapinduka, maji ya majaji yote kwenye sketi yangu. Wuoi! Nikalia mbele ya watu, Nairobi naiona inapotea hivi hivi.

Jaji mmoja, mama wa makamo, akaiokota Vesta yangu, akaigeuza. "Nyathina, mtoto wangu, nyamaza. Darubini imeonyesha juzi tu kwamba Vesta ina shimo kubwa hapa hapa chini. Unajua ni kwa nini?"

Nilijua! "Iligongwa na jiwe lingine ikamegeka," nikasema, kamasi zikitiririka, "na vipande vingine vikaanguka hata huku duniani."

"Basi endelea kutoka hapo."

Nikaendelea, na nikashinda. Jina la mama yule sikuwahi kulijua, lakini nikiomba humtaja hivyo hivyo, yule mama wa Vesta, na Mungu anamjua. Kikapu cha omena nacho, nikiwa na shughuli ya watu, sikigusi tena maisha yangu yote.

Jioni kabla ya safari Mama alinisongea Vesta nyingine, unga wote tena. Kabla haijakauka akamega tonge moja chini, akalitia mdomoni.

"Tayari," akasema akitafuna. "Paka wa Nairobi hana kazi."