Viatu Nilivyoviacha Mlangoni mwa Kanisa

Mimi Mdahoma nilizaliwa kisiwa cha Ngazidja, nikalelewa kisiwa cha Nosy Be na mama yangu Echata, mshona vitambaa vya meza. Mwaka wa 1937 alinipeleka ng'ambo, mji wa Mahajanga, kwenye shule ya wamisionari wa Kifaransa, nisomee ualimu. Kitambaa kimoja kilimla macho miezi mitatu. Vya mwaka mzima ndivyo vilivyoninunulia viatu vyeusi vya kamba. Sharti lake lilikuwa moja: "Soma vyao vyote. Lakini siku ukisali kanisani kwao, masomo basi, unarudi nyumbani."

Nikaitika. Kumbe shuleni nako kuna sharti: asiyehudhuria ibada ya Jumapili anafukuzwa. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mimi. Nikawa nahudhuria, naingia kama mwizi.

Humo ndani nikajionea. Wazungu mbele, kwenye viti vyenye mito. Sisi weusi nyuma, kwenye mabenchi. Kisha mchungaji anahubiri kwamba katika Kristo sote ni ndugu, na watu wanalia kwa furaha ya kuokoka. Nikamuuliza mkewe, mama mpole kweli, mbona ndugu hawakai pamoja. Akanishika bega: "Mbinguni tutakaa pamoja, mwanangu." Yaani benchi tu limewashinda, tungoje mpaka tufe.

Jumapili moja akaja mgeni kutoka Paris na kamera yake. Sasa mimi, mtoto wa msikitini, nikifika kwenye mlango wa nyumba ya Mungu mikono hufungua kamba yenyewe. Kila wiki viatu vyangu nilikuwa naviacha nje, wenzangu wananicheka. Mgeni akapita benchi hadi benchi akitazama miguu, akanichagua mimi. Nikamwomba nikachukue viatu. Akanizuia, eti hivyo hivyo ndivyo vizuri. Akanipiga picha.

Picha ile ikifika Nosy Be, nilijua nimekwisha.

Likizo nikarudi nyumbani. Nilimkuta mama kibarazani, na kando yake gazeti la misheni lenye picha yangu na jozi ya viatu vikuukuu vya kahawia.

"Madamu, yule Mzungu anayenunua vitambaa vyangu, kanipa viatu hivi bure," alisema. "Kanisomea humu kwamba mwanangu hajawahi kuvaa kiatu. Uso wangu niuweke wapi, Mdahoma?" Akaitazama miguu yangu, iliyovaa vile alivyoninunulia. "Ulivivua wapi?"

"Mlangoni mwa kanisa, mama."

"Ulisali?"

"Sikusali. Nilivua kwa heshima, nikakaa kwa kuogopa kufukuzwa."

Akajaribu kutia uzi kwenye sindano, ukamponyoka mara mbili. Nilihofu kuliko siku ya mtihani.

"Hivi mrudishie Madamu wewe mwenyewe," alisema mwishowe. "Nenda ukiwa umevaa vyako, avione. Akikubali kwamba amekosea, utarudi Mahajanga. Asipokubali, shule ya watu wa namna hiyo hatuitaki."

Nikaenda. Madamu akafungua mlango, akatazama chini, machozi yakamlengalenga.

"Bwana asifiwe," alisema. "Kumbe wafadhili wa Paris wameshakuletea."

Nikamwambia ni mama aliyevinunua. Akatabasamu vile watu wanavyomtabasamia mtoto mwenye aibu, akapokea vile vikuukuu ampe mwingine, akafunga mlango.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri.

"Amesemaje?"

"Amesema samahani," nikamjibu.

Akashusha pumzi, akaingia ndani kunipigia pasi nguo za safari.