Mluzi niliodhani ni birika: antena moja, redio mbili

Kabla sijaona chochote nilisikia mluzi, mwembamba, ukipenya ukutani. Nikadhani ni birika la jirani.

Wakuu, habari za jioni. Haya sijayatunga, ingawa kutunga ndiyo kazi yangu.

Nimepanga chumba Kaloleni. Upande wa pili wa ukuta anaishi Mzee Elirehema, mzaliwa wa Nkoaranga. Antena yake iko juu ya bati, imeelekezwa mlimani, kukamata kituo kidogo cha redio cha upande wa pili wa Mlima Meru ambacho mjini hakishiki kirahisi.

Nilipolalamika kuwa redio yangu inakoroma, alicheka.

"Kijana, waya ni mmoja, masikio mengi. Unganisha."

Nikauchuna waya wake, nikausokota na wangu, nikafunga selotepu. Splita, kile kidude cha kugawa antena moja kwa redio mbili, niliiona dukani, nikaipita. Kumbe redio ikiwaka hutoa mawimbi yake kidogo, na kwenye waya wa pamoja huiingilia redio ya pili kwa mluzi.

Sikujua kuwa binti yake, Neema, aliolewa bila baraka. Wala kwamba mzee alishatamka: "Aliniaibisha mbele ya watu, aniombe radhi mbele ya watu."

Jumamosi ile ya mluzi, Neema akaomba radhi hewani, kwenye kipindi cha salamu cha kituo kile kile cha mlimani. Baba alijulishwa asikilize.

Mimi nilikuwa nasikiliza mpira kwenye redio yangu.

Jioni Neema akaja na chane ya ndizi mshare, zile za kupika. Mlango wa mzee ulikuwa wazi.

"Shikamoo baba."

Wakuu, shikamoo ikikosa marahaba, nyumba nzima inasikia.

"Baba, hukunisikia redioni?"

"Nimesikia mluzi. Mwanzo mpaka mwisho."

Hapo ndipo nikaelewa lile birika. Nikachukua koleo la kukatia waya, nikaingia bila hodi. "Mzee, ni redio yangu! Ni huu waya!"

"Waya hauna mdomo. Aseme yeye."

"Nimeshasema, baba. Mlima mzima umenisikia."

"Isipokuwa mimi."

Mnaochangia antena, nunueni splita. Na mkisikia mluzi kwa jirani, nendeni mkagonge. Waya wangu nimeukata, lakini mzee hawashi redio tena. Aliyewahi kupatanisha watu wa aina hii anishauri hapa chini, nitasoma kila neno.

Maana jioni ile mimi nilisimama tu katikati yao, koleo mkononi, nikisubiri mmoja alegee.

Neema aliiweka ile chane kando ya redio, taratibu, kama anayelaza mtoto. Kidevu juu, sawasawa na baba yake. Akatoka, na mlango akaurudishia mwenyewe nyuma yake.