Kumi kwa Kipeo cha Ishirini

Yalinikuta Jumanne, saa nne asubuhi. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, naye kapunguzwa kazini. Mwalimu wa hesabu aliahidi kunifundisha tuisheni bure, mradi nilipate swali moja ubaoni: 2 × 10⁴ zidisha kwa 3 × 10⁵.

Nikaandika 6 × 10²⁰.

"Nani kakwambia vipeo vinazidishwa?"

"Swali limesema zidisha, mwalimu."

Darasa zima likacheka.

"Vipeo vinajumlishwa. Ni tisa. Kakae."

Nyumbani baba akauliza, "Mwanangu, umepata ngapi?"

"Ishirini, baba."

Akadhani ni alama. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu apunguzwe.

Kesho yake asubuhi alivaa shati lake la kazini, akanisindikiza kumshukuru mwalimu kwa tuisheni. Nilimfuata nyuma, nikamwacha apige hodi.