Sentensi Niliyoikata

Darasa letu la sita lilinuka mbaazi. Shule ilikuwa na shamba lake nyuma ya vyoo, na kwa kuwa hapakuwa na stoo, magunia ya mavuno ya mwaka uliopita yalipangwa ukutani nyuma ya madawati, yakisubiri mnunuzi ambaye kila wiki tuliambiwa yuko njiani. Harufu ile kavu ya maganda na vumbi nikikutana nayo leo sokoni, najikuta nimenyoosha mgongo kama mtoto aliyeitwa jina. Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo asubuhi upepo hushuka kutoka mlima Kwaraa na sisi watoto wa Nangara tulikwenda shule tumeficha mikono kwapani. Nalisema hili mapema ili lisikae moyoni: msimu ule ndio niliojifunza kuandika aya nzuri, na msimu ule ule mama yangu alifariki. Mambo haya mawili nimejaribu kuyatenganisha miaka yote, nimeshindwa.

Aliyetufundisha aya aliitwa Mwalimu Tekla, mwanamke mwembamba aliyehamia kwetu kutoka Bukoba, asiyependa mzaha wala watoto wanaonong'ona. Siku ya somo lile alikuja na kopo, akamwaga juu ya meza mahindi yaliyochanganyika na mbaazi, akaniita mbele niyachambue. Nilichambua darasa zima likinitazama, mahindi huku, mbaazi kule. Nilipomaliza akasema, "Shambani mnapanda pamoja, sikatai. Lakini mkipeleka sokoni, kila kitu na gunia lake. Aya ni gunia." Halafu akaandika ubaoni. Aya moja ibebe jambo moja. Sentensi ya kwanza ilitaje jambo hilo ili msomaji asipapase. Zinazofuata zilieleze, zitoe mfano, zishikane mikono bila kuruka. Na ukiona sentensi imeingia inazungumzia jambo jingine, iondoe, au ipe aya yake yenyewe. Nilinakili yote kwa kalamu ya wino wa bluu nikapigia mstari. Kwa mtoto wa nyumba kama yetu, ambamo watu walizungumza mambo saba kwa pumzi moja, ilikuwa kama mtu amenifungulia dirisha. Wiki mbili baadaye insha yangu ilisomwa mbele ya darasa la saba. Nilivimba kichwa, sina jingine la kusema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona najua kuandika kuliko watu wote wa Babati.

Nyumbani, kazi ya kuandika barua ilikuwa yangu. Baba alikuwa Mirerani, kwenye machimbo, anarudi mara mbili kwa mwaka, wakati wa kuvuna mahindi na wakati wa Krismasi. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Mama alisoma shule miaka miwili tu. Maandishi makubwa ya kitabu cha nyimbo aliyafuata kwa kidole, lakini kuandika hakuweza. Yeye alisema, mimi nikaandika, na barua ikapelekwa stendi kwa dereva wa basi la Arusha, ambako baba alikuwa na mtu wake wa kuipokea. Sasa, mama alizaliwa vijijini huko mbele ya Sigino, na baba vilevile, na kwa watu wao jambo zito halitangulizwi. Mgeni akija na habari ya msiba atakunywa uji kwanza, ataulizia ng'ombe, atasifu mvua au ataililia, na katikati ya maneno hayo, bila kubadili sauti, atalitaja lile lililomleta na kuendelea na habari za ng'ombe. Aliyelelewa kule analisikia. Anaweka kikombe chini, anasimama, anakwenda kuvaa viatu. Asiyelelewa kule ataendelea kukoroga sukari. Mimi nilizaliwa mjini, Nangara, na nilikuwa nakoroga sukari.

Barua ninayoizungumzia tuliiandika Jumapili mchana, baada ya kanisa. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha juani. Ilikuwa imevimba, na nilikuwa nimeiona imevimba tangu Pasaka, kiasi kwamba sikuiona tena. Nilidhani mama amechoka. Mama siku zote alikuwa amechoka. Akaanza kusema, na maneno yake nayajua hadi leo kwa sababu nimeyarudia peke yangu mara zisizo na idadi. Alisema: "Mwambie sisi hatujambo, tunaomba na yeye awe hajambo. Mwambie mahindi ya juu yamekauka, ya bondeni bado kidogo, yule mbuzi mweusi amezaa, mapacha, mimi siku hizi uji naupika nimekaa, Mama Shabani wa dukani anamsalimia, masika yaliangusha uzio upande wao, Elia amejua kuhesabu mpaka mia, na mwambie mahindi ya mwaka huu ni mengi kwa mikono yangu." Kisha akavuta pumzi ndefu, akasema basi, hayo tu.

Nilimwangalia kwa huruma ya mtu aliyesoma. Jamani, barua gani ile. Mahindi, mbuzi, uji, duka, uzio, mtoto, halafu mahindi tena, yote kwenye gunia moja. Zamani ningeandika hivyo hivyo alivyosema na baba angeisoma hivyo hivyo. Safari hii nilimwambia mama naenda kuinakili vizuri ndani. Nilikuwa na karatasi moja tu, ya katikati ya daftari, na nikaipangilia kama Mwalimu Tekla alivyotufundisha. Aya ya kwanza, salamu. Aya ya pili, shamba: mahindi ya juu yamekauka, ya bondeni bado kidogo, mavuno mwaka huu ni mengi. Aya ya tatu, nyumbani: mbuzi, mapacha wake, uzio, mdogo wangu Elia na hesabu zake. Ile sentensi ya uji niliijaribu kwenye aya ya shamba, haikukaa. Niliijaribu kwenye aya ya nyumbani, kati ya mbuzi na uzio, ikaonekana kituko. Nani anamwandikia mtu aliye machimboni kwamba uji unapikwa kwa kukaa? Nikaiondoa. Ile "kwa mikono yangu" nayo nikaikata, nikaacha mavuno ni mengi, maana sentensi fupi ni bora. Mwalimu alisema iondoe, au ipe aya yake yenyewe. Nusu ya pili ya kanuni sikuikumbuka, na karatasi ilikuwa imejaa. Nilipotoka mama aliniuliza, "Umeandika yote?" Nikasema, "Yote, mama." Wala sikuona kuwa nadanganya. Nilimaanisha yote ya maana.

Mama yangu hakuwahi kupika akiwa amekaa. Hilo nililielewa baadaye, nilipokuwa na jiko langu mwenyewe. Alikoroga uji amesimama, anaimba, mwiko mkono mmoja na mkono mwingine unamfukuza kuku, na baba alikuwa akimtania kwamba hata siku ya kufa atakufa amesimama. Kwa baba, maneno yale matano yangetosha. Siku hiyo asingeshuka shimoni, angechukua shuka lake akapanda basi.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Baba aliandika kwamba amefurahi kupita kiasi, kwamba hajawahi kupokea barua iliyonyooka namna ile, amewasomea wenzake kambini na wamempongeza kwa kuwa na binti msomi. Kwa kuwa shamba liko vizuri na nyumbani hakuna tatizo, akasema, hatakuja kuvuna. Kuna sehemu mpya wanachimba na asingependa kuwaacha wenzake. Atakuja Krismasi. Nilimsomea mama kwa sauti kubwa, na pale niliposifiwa nilisoma mara mbili. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Hakusema kitu kuhusu uji?" Nikasema hapana. Akaangalia mikono yake kwa muda. "Sawa," akasema. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu nimekifanya, ingawa sikujua ukubwa wake, na ningeweza kusema siku ile ile. Dereva wa basi alikuwa anapita kila siku. Lakini kusema kungemaanisha kwamba barua ile iliyosifiwa na kambi nzima ilikuwa mbovu, na mimi niliipenda sifa ile. Nikanyamaza.

Tulivuna mimi na mama na Mama Shabani, ambaye alifunga duka lake siku tatu kuja kutusaidia. Mama alianguka siku ya pili, kati ya mistari ya mahindi na mbaazi, akapelekwa hospitali kwa mkokoteni. Walisema ni moyo, umechoka muda mrefu. Alikaa wodini siku sita. Baba alitumiwa ujumbe kwa dereva yule yule, lakini alikuwa chini ya ardhi kwa zamu ndefu na ulimfikia umechelewa. Alifika tumeshazika tangu juzi yake. Naiona sura yake pale getini hadi leo, vumbi la Mirerani bado liko kwenye nyusi zake.

Siku ya kikao cha ukoo, wajomba zangu walimuuliza kwa ukali kwa nini alimwacha mke wake mgonjwa avune peke yake. Baba alitoa barua mfukoni, akaikunjua, akaiweka mezani mbele yao akasema, "Someni wenyewe." Mjomba mkubwa aliisoma kwa sauti, aya zangu tatu, moja baada ya nyingine, kila moja na jambo lake. Hakuna aliyepapasa. Ilieleweka vizuri mno. Alipomaliza alisema kweli, shemeji hana kosa, hapa hakuna neno la ugonjwa. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai, nikaendelea kumimina. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo habari ya nyumba yetu: mama alikuwa msiri, mama alikuwa na kiburi, mama aliwaficha watu mpaka kifo chake. Baba aliisema bila hasira mwanzoni, baadaye kwa uchungu, na kadiri alivyozeeka uchungu ukageuka kuwa kama desturi. "Mama yenu alininyima nafasi," alikuwa akisema kila mara jina lake lilipotajwa. Elia alikua akiamini hivyo. Mama alikufa akidhani mumewe amesikia na amekataa kuja, na baba akaishi akidhani mkewe hakumwambia. Aliyekuwa katikati na maneno ya wote wawili ni mimi.

Leo ninafundisha Kiswahili sekondari, hapa hapa mjini. Ninafundisha aya. Wanafunzi wangu wanaandikiana kwenye simu maneno mawili mawili, mambo, poa, uko wapi, na wakipewa insha wanamwaga kila kitu mahali pamoja kama alivyosema mama yangu pale kigodani. Ninawafundisha kanuni zile zile za Mwalimu Tekla, kwa sababu ni za kweli na kosa halikuwa lake. Ila ninapofika kwenye sentensi isiyokaa mahali pake, nusu ya pili ya kanuni naiandika kubwa na kuirudia mpaka wananichoka. Nawaambia kabla hujaiondoa, muulize aliyeisema kwa nini ameisema. Hawajui kwa nini sauti yangu hubadilika hapo, na sijawahi kuwaambia.

Baba sasa anaishi Singe, kwenye nyumba ndogo aliyoijenga alipoacha machimbo. Mwezi uliopita mimi na Elia tulikwenda kumweleza kwamba tunataka kulijengea kaburi la mama, maana udongo umedidimia na msalaba wa mbao umeoza. Baba alisema fanyeni mnavyotaka, ila yeye asihesabiwe, hawezi kumjengea mtu ambaye hakumwamini hata kumwambia kwamba anakufa. Alisema hivyo huku anatafuta miwani yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikaona siwezi tena. Nilimwomba Elia akae. Nikawaambia. Kisha nikayasema maneno ya mama yote kama alivyoyasema, kuanzia hatujambo, mahindi ya juu na ya bondeni, mbuzi mweusi, mapacha, na nilipofika pale kwenye uji baba alinyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Siku hizi uji naupika nimekaa. Baba aliyafuata kwa midomo bila sauti. "Kumbe aliniita," akasema. Nilidhani atanigombeza, na ningeshukuru. Badala yake aliniuliza kama lile jibu lake nilimsomea mama. Nikamwambia nilimsomea.

"Akasemaje?"

"Alisema sawa, baba."

Baba alilia mbele yetu, mzee mzima, bila kujificha uso, na Elia akatoka nje. Mimi nilibaki nimemshika mkono, nikalia naye. Kutoka Nangara hadi Singe ni mji huu huu mmoja, na siku hizi ujumbe ungefika kabla hujarudisha simu mfukoni. Maneno ya mama yamechukua miaka ishirini na sita kufika.